Gamba Moja Kwenye Kichupa

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kidoti alipanda ngazi za maabara ya shule akiwa na ndoo ya maji ya bahari. Alipunguza maji ya jana kwenye tangi la kioo, akaongeza mapya, kisha akainama kumtazama mnyoo aliyejibanza kando ya jiwe. Huyu hakuwa mnyoo wa kutia kinyaa. Mgongo wake ulifunikwa kwa magamba ya mviringo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Mwalimu wa sayansi alikwisha kuwaonya: minyoo wa jamii hii wakibanwa huangusha magamba ili wamponyoke adui, kwa hiyo asiguswe na mtu, ahamishwe kwa kijiko.

Asubuhi hiyo Kidoti alikuta kadi imebandikwa kwenye tangi kwa ajili ya maonyesho ya Ijumaa, ambayo mshindi wake angepewa zawadi. Ilieleza kwamba mnyoo ameletwa na Profesa, msichana wa dawati la mbele aliyepachikwa jina hilo kwa ujuaji wake. Kifua cha Kidoti kiliwaka moto. Yeye ndiye aliyemwokota miambani maji yalipokupwa, akamweka ndani ya kopo juu ya meza ya mwalimu na kukimbilia mstarini. Profesa alilikuta kopo, akalikabidhi kwa mwalimu kana kwamba ni lake.

Kidoti alimkabili bombani, mbele ya wenzao.

"Mwenzangu, punguza wivu," Profesa alisema huku akinawa mikono taratibu. "Kazi yako ni kubeba ndoo. Au unataka tukuite Mama Minyoo?"

Wasichana waliangua kicheko. Wakati wa mapumziko, maabara ilipokuwa tupu, alichukua kibano na kuanza kumnyofoa mnyoo magamba. Gamba hili la kadi. Hili la ndoo. Hili la kicheko. Yalizama moja baada ya jingine, naye moyoni alisikia utamu. Alipomaliza, mnyoo alikuwa kama kuku aliyenyonyolewa. Basi Profesa na awaonyeshe wageni hicho kioja chake.

Baada ya masomo, mwalimu aliwaita wote wawili. Habari za ugomvi wa bombani zilikuwa zimemfikia. Aliuliza kama yupo mwenye ushahidi. Kidoti alitoa kichupa mfukoni kwa fahari. Ndani ya maji ya chumvi lilikuwamo gamba moja, lililodondoka siku alipomwokota mnyoo. Mgongoni kwa mnyoo, alieleza, pana pengo linalolingana nalo.

Mwalimu alisema waende wakalinganishe.

Hapo ndipo Kidoti alipokumbuka alichokifanya kwa kibano. Alipanda ngazi nyuma yao, hatua moja moja.

Mwalimu aliinama mbele ya tangi. Pengo halikuwapo, kwa kuwa mgongo wote ulikuwa mtupu, na magamba yaliyotapakaa chini hayakuwa na tofauti na lile la kwenye kichupa. Alimgeukia Profesa, akamuuliza kama alimshika mnyoo wake. Profesa aliapa kwamba hakumgusa, na machozi yakaanza kumtoka.

Kidoti aliyatazama machozi yale. Ndiyo aliyoyataka mchana kutwa. Angenyamaza tu, lawama zote zingemwangukia Profesa.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Nilimnyofoa magamba ili nimwaibishe Profesa."

Profesa alijifuta uso. Kisha akakiri kwamba kopo alilikuta tu mezani.

Mwalimu alibandua kadi. Aliamua kwamba Ijumaa wote wawili watasimama kando ya tangi na kumweleza kila mgeni kwa nini mnyoo hana magamba, bila kuficha lolote. Hakuna atakayeshindania zawadi. Kisha alimshika Kidoti bega.

"Mwanangu, ulidhulumiwa kweli, na ushahidi ulikuwa mfukoni mwako. Ungekuja kwangu asubuhi, leo hii ungekuwa na haki yako. Ulitaka kumkomoa mwenzako, ukaharibu ushahidi wako kwa mkono wako mwenyewe, ukamtesa na kiumbe asiyejua ugomvi wenu. Magamba yake yataota tena. Wewe, siku nyingine ukionewa, sema mapema, na useme kweli."

Ijumaa, mgeni wa kwanza aliinama karibu na kioo na kuuliza ni nani aliyemwumiza mnyoo huyu. Profesa alitazama sakafu. Kidoti alisogea mbele na kuanza kueleza.