Diski ya Harusi ya Dada

Cheka ukitaka, lakini rafiki yangu fundi kompyuta siku hizi hakai kabisa kwenye chumba kisicho na dirisha.

Adhuhuri moja alikuwa stoo, isiyo na dirisha hata moja, anachoma picha za harusi ya dada yake kwenye diski zisije zikapotea, maana kompyuta ilishaanza kukata roho. Umeme ukakatika. Giza totoro.

"Umeme huu nao, jamani," akanung'unika.

Lakini kompyuta, ingawa haikuwa na betri, iliendelea kukwaruza diski gizani, krr, krr, mpaka umeme uliporudi.

Alipoifungua diski, hakukuta picha hata moja. Kulikuwa na sauti tu, na kompyuta ile haina maikrofoni. Akasikia kiti chake kikilia, kisha sauti yake mwenyewe: "Umeme huu nao, jamani."

Halafu mtu mwingine akanong'ona, karibu zaidi: "Msiheme, atatusikia."