Mke wa Wakati Ule

Daktari Godlisten Mmari alikuwa amelala kifudifudi kando ya meza yake, kisogo kimepasuka. Pembeni palikuwa na pasi ya mkaa, ile nzito ya kizamani, ina damu.

Inspekta Yudith Shekilindi alisimama kizingitini mwa chumba hicho cha mbele, mtaa wa Ngamiani. Aliuangalia mlango kabla ya kuiangalia maiti.

"Pasi ilikuwa na kazi gani humu?"

"Kuzuia mlango usijifunge, afande," alijibu Sajenti Hatibu. "Mwalimu Hafsa akiwa humu, mlango wazi, dirisha wazi. Ni sharti la mumewe, Sabiri. Yule bwana ana wivu, hata jua likimwangalia mkewe atagombana nalo."

Marehemu alikuwa mtafiti wa hadithi za Kibudha, zile zinazosimulia maisha ya mtu kabla ya haya aliyo nayo, na jinsi matendo yake, yaani karma, yanavyomfuata kutoka uhai mmoja hadi mwingine. Hafsa, mwalimu wa Kiswahili, alimsaidia kuzitafsiri. Mtaa haukujali habari za karma. Mtaa uliona mwanamume na mke wa mtu, ukaridhika na hapo.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa Daktari aliuawa jana yake, kati ya alasiri na magharibi. Mpini wa pasi ulikuwa umefutwa, hauna alama za vidole. Mtu wa mwisho kuonekana akitoka ni Hafsa, tena alikuwa peke yake. Akawekwa mahabusu, na kesho yake mkuu wa upelelezi akasema jalada liandaliwe, afikishwe mahakamani kwa mauaji.

Yudith hakupenda haraka hiyo. Aliagiza Hafsa aletwe.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Juzi mlifanya nini?"

"Tulimaliza hadithi ya korongo wawili, dume na jike, wakati wa ukame. Hadithi za namna hii zina mwisho wake maalumu. Mtu anafichua nani alikuwa nani: yule mnyama wa zamani ndiye fulani wa leo. Daktari alikuwa ananificha mwisho huo mpaka tuufikie. Alisema nikiujua mapema nitatafsiri kivivu."

"Na huu ulisemaje?"

"Mtawa wa kike anazungumza na Buddha, ambaye alikuwa mumewe kabla ya kuacha nyumba na kuingia utawa. Akimtaja korongo jike, anamwambia, 'Yule aliyekuwa mke wako wakati ule ndiye mimi.' Nikausoma kwa sauti mara moja, adhana ya alasiri ikaanza, nikaenda kuswali. Daktari nilimwacha mzima."

"Hukumsimulia mtu?"

"Nimsimulie nani? Mume wangu hataki hata kusikia jina la Daktari. Na siku hiyo alikuwa Muheza, kununua machungwa. Alirudi nimeshalala."

Sabiri alikuja mwenyewe kituoni mchana, kashika hotipoti ya wali. Yudith alimkaribisha kitini. Hatibu akakaa pembeni na kalamu yake.

"Mkeo anashtakiwa kwa mauaji."

"Hafsa hajaua."

"Umejuaje?"

"Namjua mke wangu."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Muheza. Asubuhi mpaka usiku."

Yudith aliisogeza hotipoti pembeni. "Mimi naamini mkeo na marehemu walikuwa na kazi tu. Mwanamke anayekaa mlango wazi, dirisha wazi, anaficha nini?"

Sabiri alicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa chungu. "Kazi! Mke wa mtu anamwambia mwanamume mwingine, 'Aliyekuwa mke wako wakati ule ndiye mimi.' Hiyo ni kazi, afande?"

Kalamu ya Hatibu ilisimama.

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Hafsa."

"Lini?"

"Zamani."

"Zamani alikuwa hayajui. Aliyasoma mara ya kwanza juzi alasiri, akaondoka. Hakumsimulia mtu. Aliyekuwa naye chumbani ndiye maiti. Basi aliyeyasikia alikuwa dirishani, na wewe unasema ulikuwa Muheza."

Sabiri aliitazama hotipoti yake.

"Nilirudi mapema," alisema mwishowe. "Nikasimama ukutani, chini ya dirisha. Si mara ya kwanza. Hafsa alipotoka nikaingia. Nikamuuliza yule bwana, mke wako ni nani? Akacheka. 'Ni hadithi tu, Sabiri, kaa nikueleze.' Kaa nikueleze! Kama mtoto wa darasa la kwanza! Akageuka kuchukua kitabu. Pasi ilikuwa pale mlangoni."

"Alitaka kukusomea. Hadithi hizo zote huisha hivyo."

"Sasa nimeelewa. Lakini wewe hukuisikia sauti yake, afande. Tangu nimemwoa hajasema nami kwa sauti ile."

Hapo hasira zilimpanda Yudith. "Na ukamwacha alale mahabusu kwa kosa lako?"

Sabiri aliinamisha kichwa. "Jana usiku nililala usingizi. Nilijua yuko wapi. Nilijua yuko na nani."

Hatibu alimfunga pingu. Maelezo ya kukiri yaliandikwa, yakasainiwa, na Hafsa akaachiwa. Yudith alimweleza yote mwenyewe, polepole. Hafsa aliomba maji, akanawa uso na kujitanda mtandio vizuri.

Walikutana kwenye korido, mume akipelekwa mahabusu, mke akitoka.

"Hafsa! Unakwenda wapi?"

"Msibani kwa Daktari," alijibu Hafsa. Hakusimama.

Sabiri alijivuta mpaka pingu zikamkwaruza mikono.

"Na nani?" aliuliza.