Aliyeitikiwa

Orodha ya bweni ilikuwa na majina arobaini na moja; vitanda vilikuwa arobaini. Hakuna aliyeuliza. Mwaka wa kwanza hauulizi kitu: wiki mbili za "kuzoea mazingira", geti limefungwa, mnahesabiwa asubuhi, mchana na jioni kama ng'ombe wa mnadani, na asiyeitika mara tatu anarudishwa kwao. Mazingira yenyewe yalikuwa ghala la pamba la ushirika uliokufa, kando ya ziwa. Aliyelinunua alipaka chokaa, akaliita chuo.

Siku ya tatu, jua la saa saba, matroni Teodora akaita, "Mhoja Chenge."

Kimya. Akaita tena. Kokulinda, aliyekwisha kuwaitikia wenzake wawili waliolala na homa, hakufikiri.

"Nipo."

Dorotea, jirani yake wa kitanda, akamfinya. "We Mhaya, huyo umemwona wapi?"

"Si atafukuzwa?"

"Mimi namwitikia mtu niliyekula naye. Kwenu hawawafundishi?"

"Kwetu wanatufundisha kusoma."

Dorotea hakucheka.

Jioni bweni likanuka pamba iliyolowa. Asubuhi, godoro la Kokulinda lilikuwa limebonyea sehemu mbili, na ile ya ukutani ilikuwa baridi. Wakaitwa mstarini.

"Kokulinda Lwakatare."

Kabla hajafungua mdomo, sauti yake mwenyewe ikaitika kutoka nyuma, "Nipo," na alipogeuka akaona wasichana wametazama mbele, na nyuma ya wa mwisho vumbi likitulia taratibu, kama pale mtu anapoondoa mguu, na harufu ile ikamjia puani, ikashuka kooni, ikakaa.

"Ni jini la ghala," Dorotea alinong'ona. "Lilifungiwa humu. Linatafuta jina la kutokea nalo."

Baba yake Kokulinda alikuwa karani wa benki mjini, Nyamagana. Kokulinda akamwandikia kikaratasi, *Baba, njoo unichukue leo*, akampa mama muuza dagaa kupitia tundu la ukuta. Mchana kutwa akasubiri. Saa kumi akaenda ofisini kwa matroni.

"Shikamoo, mama. Naomba ruhusa. Baba anakuja."

"Marahaba. Baba wa nani?"

"Wangu. Kokulinda."

Teodora hakuinua macho. "Kokulinda amechukuliwa sasa hivi, nimemsainia mwenyewe. Wewe Mhoja, usinichezee."

Kokulinda akakimbia getini. Nje baba yake alikuwa amebeba sanduku jekundu la Kokulinda, na pembeni yake alitembea msichana mwenye gauni lake na mwendo wake, amemshika mkono.

"Baba!"

Mzee akasimama. Akarudi hatua mbili, akamtazama katikati ya nondo za geti, muda mrefu, kwa huruma yote aliyokuwa nayo.

"Nyamaza, binti," alisema. "Na wewe wa kwenu watakuja."