Presha Isiyobadilika

Mshonaji alijifunza kusoma uzeeni, na sasa hakuna kilichompita: makopo, mabango, hata magazeti ya kufungia vitumbua. Asubuhi hiyo, kwenye benchi bovu la zahanati, aliisoma kadi ya kliniki ya mkwewe mjamzito.

"Mwanangu, presha yako mwezi ule 110 kwa 70. Mwezi uliofuata vilevile. Na leo vilevile!"

"Si ndiyo vizuri, mama?" Mkwewe alijikandakanda kichwa. Kilimuuma tangu juzi, na miguu ilivimba hadi ndara hazimwingii.

"Vizuri gani? Nimepima viuno miaka thelathini. Kiuno tu hakitoi namba moja mara tatu, sembuse damu! Leo nesi amekufunga mkono akakupima?"

"Hapana. Nesi ameandika tu."

Mshonaji aliinuka. Nesi yule alikuwa mtu mwema. Ndiye aliyempa mkwewe mto wa kuegemea. Hata hivyo alimwendea.

"Nesi, kipimo cha presha kiko wapi?"

Nesi aliinamisha macho. "Kiliharibika, mama. Tukiacha nafasi ya presha wazi tutaonekana wazembe, na leo mkaguzi yupo. Nisitiri. Weka dole gumba hapa."

Alisogeza fomu ya maoni. Ilikwisha kujazwa: Huduma ni nzuri sana.

"Dole gumba langu limestaafu," alisema mshonaji. "Siku hizi naandika. Na uongo siandiki."

"Mama, utatuaibisha!"

"Aibu ni kumzika mtu ambaye kadi yake inasema ni mzima. Mficha maradhi, kilio humfichua!"

Mkaguzi alitokea chumba cha pili, daftari mkononi.

"Mama amesema kweli," alisema taratibu. "Namba za kila zahanati nchini hukusanywa pamoja. Ndizo zinazotuonyesha wapi pana upungufu. Ukibuni namba, nesi, tunadhani mna kipimo, na kipya kinapelekwa kwingine. Andika 'hakuna kipimo'. Hapo ndipo tutakapojua."

Alitoa kipimo chake mkobani, akamfunga mkwe mkono.

170 kwa 110.

"Kichwa kuuma, miguu kuvimba, na presha hii: mjamzito yuko hatarini. Aende hospitali sasa hivi."

Nesi alikimbia mwenyewe kuita gari la wagonjwa. Akapanda naye, akamshika mkwe mkono njia nzima.

Mtoto alizaliwa mdogo, lakini kwa kelele aliishinda cherehani ya bibi yake. Mama yake alipona.

Walipompeleka mtoto kliniki pale zahanati, kipimo kipya kilikuwa mezani. Kila mama alifungwa mkono, na kila kadi ilikuwa na namba zake. Nesi alimpa mshonaji fomu tupu na kalamu.

Mshonaji aliandika polepole, herufi moja moja: Sasa mnapima. Asanteni. Lakini benchi bado bovu.

"Mama! Hata leo?" Nesi alicheka.

"Hata leo," alisema mshonaji, akaandika jina lake lote.