Nguzo za Anorzor

Asubuhi ile ya Jumanne, Shahodat, mfagiaji wa kituo cha treni za chini ya ardhi cha Anorzor, aliifuta nguzo ya sita mara tatu, na mara tatu ikalowa tena. Hayakuwa maji ya bomba. Yalikuwa meupe, mazito kidogo, na yalinuka maziwa yaliyoanza kuchacha.

"Nafosat, njoo unuse!" aliita. "Labda babako alizika ng'ombe humu ndani."

Nafosat alicheka. Alikuwa mhudumu wa jukwaani, yule anayeinua kibao kumruhusu dereva aondoe treni, na alikuwa na mimba ya miezi saba baada ya miaka tisa ya ndoa. Baba yake, mzee Mirvosil, ndiye aliyekibuni kituo kile, na kila mtu pale kazini alijua. Picha yake ilining'inia juu ya ngazi.

Kicheko kilimkauka treni ya saa nne ilipoondoka. Kimya kiliposhuka, alisikia ndani ya nguzo mbao ikigonga mbao, taratibu, ko-tak, ko-tak, kama susu la mtoto linalobembezwa na mtu asiye na haraka.

Jioni alimweleza baba yake walipokuwa wakinywa chai ya kijani.

"Ni mtikisiko wa reli," mzee alisema. "Zile nguzo nilizichora fupi na nene makusudi. Ardhi ya Tashkent laini, tena inatetemeka. Ulikuwa hujazaliwa tetemeko lilipolaza nyumba zetu za udongo. Ndiyo maana hatukwenda chini sana, tulichimba handaki kutoka juu, tukajenga, tukafunika."

"Na reli inatoa maziwa, Baba?"

Mzee alikata kipande cha mkate, akakirudisha sahanini bila kukila. "Omba likizo," alisema. "Usirudi pale."

Nafosat alirudi, kwani wenzake wawili walikuwa wagonjwa. Alhamisi, adhuhuri, kituo kikiwa kimejaa wanafunzi na akina mama wenye vikapu, ile sauti ilianza tena, na safari hii haikungoja kimya, iligonga juu ya mngurumo wa treni, juu ya makelele ya watu ambao hawakuonekana kuisikia, na Nafosat, ambaye miguu yake ilikataa kumtii, alijikuta akisogea hatua kwa hatua hadi uso wake ukakaribia vigae vya buluu vyenye michoro ya makomamanga, akaona katika ufa mwembamba kati ya kigae na kigae unywele mmoja wa manjano ukijitokeza, mrefu, mlaini, ukifuatwa na mwingine, na mwingine, mpaka likawa fundo zima lililoteleza juu ya tumbo lake kama kiganja kinachopima, na papo hapo mtoto, aliyekuwa akirusha mateke tangu alfajiri, akatulia tuli.

Hospitalini daktari alisikiliza kwa muda mrefu. "Moyo unapiga," alisema, "lakini unapiga kama wa mtu aliyechoka."

Mumewe alikuwa kazini mbali, kwa hiyo Shahodat ndiye aliyemleta nyumbani Oysara Otin, mama anayewasomesha dini wanawake wa mtaa. Bibi huyo alifukiza majani makavu ya isiriq chumba kizima, akasoma dua, akaweka sikio tumboni kwa Nafosat. Kisha akaketi kwa uzito.

"Ni alvasti," alisema kwa sauti ya chini. Shahodat alijifunika mdomo. Nani asiyemjua yule jini jike mwenye nywele za manjano, anayewaandama wajawazito?

"Mtoe basi, bibi!" Nafosat alisihi.

"Nimtoe wapi, mwanangu? Hakuingia kwenu. Ninyi ndio mlioingia kwake. Huyu analea watoto wasio wake, nao wamebanwa, hawalali. Anataka kujua ni nani aliyewabana." Akageuka kumtazama Mirvosil, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mzee mwenzangu, palikuwa na nini pale kabla ya kituo?"

"Bustani," mzee alisema.

"Baba," Nafosat alinong'ona. "Hachezi tena. Niguse tumbo uone."

Hakumgusa. Aliteremka taratibu hadi sakafuni, akafunika uso kwa kofia yake.

"Makaburi," alisema ndani ya kofia. "Ya watoto wachanga. Mwaka wa surua, zamani, mtaa uliwazika pale. Tulipochimba tukawakuta. Kuwahamisha kungechukua miezi miwili, na sherehe ya ufunguzi ilikuwa imepangwa. Nikasema wachanganywe na zege. Nguzo ya sita. Nikaandika kwamba hapakuwa na kitu."

"Hakuna aliyeuliza?"

"Mama mmoja. Hosiyat. Alikuja kwenye uzio kila siku, wiki tatu. Nilimwambia, 'Dada, umepotea njia, mwanao hayupo hapa.'"

Shahodat, aliyekuwa akimmiminia mzee chai, aliiweka birika chini.

"Utayasema hayo pale pale," Oysara Otin alisema. "Mchana. Mbele za watu."

Ijumaa saa sita walishuka ngazi wote wanne, wakapita chini ya ile picha. Mzee alisimama mbele ya nguzo ya sita, kofia mkononi. Watu walidhani anaumwa, kijana mmoja akamletea maji. Ndipo akasema. Alisema yote: surua, zege, uongo, jina la Hosiyat. Treni ilikuja, milango ikafunguka, ikafungwa. Hakuna aliyepanda.

Ko-tak ikapungua. Ikakoma. Vigae vikaanza kukauka machoni pao, na Nafosat akapumua.

Kisha ikaanza tena, kutoka nguzo ya saba.

Mzee hakuinua macho.

"Baba," Nafosat alisema. "Nayo ya saba?"

Mbele ya mzee nguzo zilijipanga hadi mwisho wa jukwaa, nzuri, za buluu, na maziwa yalikuwa yakichuruzika katika kila moja.

"Nilidhani moja ingetosha kuungama," alinong'ona.

"Sema," Oysara Otin alimwambia. "Usiruke hata moja."

Akaenda kwenye ya saba, akasema upya. Akaenda ya nane. Watu walimfuata, na kwa kila nguzo walisimama mbali naye zaidi. Kwenye ya tisa mwanamke mmoja mzee alilia jina la ndugu yake mchanga. Kwenye ya kumi na mbili, ya mwisho, sauti ya Mirvosil ilikuwa imekauka, akamaliza kwa kusogeza midomo tu, na hapo ndipo susu la mwisho liliponyamaza.

Mtoto alirusha teke moja, kali, chini ya mbavu. Nafosat akalia kwa nguvu, akishika tumbo.

Baba yake alinyoosha mkono amguse bega.

"Usiniguse," alisema, akarudi nyuma, na watu wakampisha apite katikati yao. "Sio kwa mikono hiyo, Baba."