Springi Nyekundu, Springi Nyeusi

Kila Jumamosi asubuhi, mayai na bekoni yakishaliwa, Brenna Stroud alivaa ovaroli lake lenye madoa ya grisi na kumfuata baba yake gereji. Gereji hiyo ilikuwa kando ya nyumba yao, katika mji mdogo wa Kelso, Ohio. Ndani yake lilikaa gari la zamani aina ya Mustang, ambalo wawili hao walikuwa wakilifufua kwa miaka mitatu. Brenna alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na alijua kila spana inakaa wapi. Baba aliponyoosha mkono kutoka chini ya gari hakuhitaji kusema neno. Brenna alimpa anachotaka.

Kisha baba yake, Wade, akaoa tena. Mke mpya, Marcy, alikuja na binti yake wa miaka kumi na miwili aitwaye Paige. Marcy alikuwa mtu mwema, na Paige hakuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililomuudhi Brenna zaidi. Kama Paige angekuwa mbaya, Brenna angemchukia bila kujisumbua.

Mwanzoni Paige alisimama mlangoni mwa gereji akitazama tu. Baada ya wiki mbili alikuwa ameshika tochi. Baada ya mwezi, Baba aliponyoosha mkono, spana iliyomfikia kwanza ilitoka kwa Paige.

Aprili ile theluji ilipoyeyuka, barabara za Kelso zilikuwa zimepasuka na kuvimba kama kila mwaka. Baba alikuwa ameshanunua shokapu mpya. Zilibaki springi. Mzee Lubinski, fundi wa mtaa wa pili, aliwaazima seti mbili za kujaribu: nyekundu zilikuwa fupi na ngumu, nyeusi zilikuwa ndefu na laini kidogo.

"Kila mmoja achague seti yake na aitetee," Baba alisema.

"Nyekundu!" Brenna akadakia. "Gari litainama kama chui anayenyemelea. Shule nzima itageuza shingo."

"Shingo za watu hazitaliendesha. Paige, wewe je?"

Paige alikuwa anasoma karatasi iliyokuja na shokapu. "Nyeusi," alisema polepole. "Hapa wameandika shokapu hizi ni za gari la barabarani, si la mashindano. Springi zikiwa ngumu mno zitazishinda nguvu. Na wewe, Wade, unakwenda nalo kazini kila siku."

Baba akacheka kwa furaha. "Umemsikia, Brenna? Huyu anasoma kwanza, ndipo anasema."

Maneno hayo yalimchoma Brenna kama cheche ya moto.

"Springi hubeba uzito wa gari," Baba aliendelea. "Shokapu huituliza springi isiendelee kurukaruka. Lazima zilingane nguvu. Lakini hatutabishana, tutapima." Alichukua mikanda myembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, akafunga mmoja kwenye fimbo ya kila shokapu. "Gari likipiga shimo, fimbo inazama na mkanda unasukumwa juu. Tukirudi, unabaki palepale ulipofikia. Ukigusa hii raba ya juu, ujue springi ni laini mno na gari limegota, yaani limeshuka hadi mwisho. Mimi masikio yangu yameliwa na mashine za kiwandani, sisikii vizuri. Mkanda haudanganyi."

Walianza na nyeusi. Kwa kuwa ni chaguo la Paige, yeye ndiye aliyekaa kiti cha mbele, mahali pa Brenna pa siku zote. Walipita kivuko cha reli, wakapita Barabara ya Kinu yenye mashimo kuliko lami, wakarudi. Brenna alikuwa anawasubiri gerejini, mikono kifuani.

"Sikusikia kugota hata mara moja," Paige alisema akishuka, uso umemng'aa.

"Tusubiri kipimo." Baba alilipandisha gari kwa jeki, akaweka stendi, akatoa gurudumu la mbele. "Tochi iko wapi?"

"Iko jikoni, Baba," Paige akajibu.

Paige akawa mwekundu hadi masikioni. Siku zote alimwita Wade. Lakini Baba hakumsahihisha. Alimwekea mkono begani na kusema kwa sauti ya chini, "Haya, twende tukaichukue."

Brenna akabaki peke yake na gari. Aliuona mkanda vizuri hata bila tochi. Ulikuwa umesimama vidole viwili chini ya raba. Springi nyeusi zilifaa kabisa. Paige alikuwa sahihi, na sasa alikuwa na kiti, na spana, na hata lile neno. Brenna alinyoosha kidole, akausukuma mkanda juu hadi ukagusa raba. Kazi hiyo haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Baba aliporudi na kumulika, aliguna. "Zimegota. Gurudumu moja likigota yatosha, hatuna haja ya kupima mengine. Ajabu, mgongo wangu haukuhisi kitu."

"Lakini mimi sikusikia," Paige alisema.

"Wewe unajua nini?" Brenna alimkatiza. "Umeanza kushika spana juzi."

Springi nyekundu zikafungwa, na walipozijaribu mikanda ilibaki mbali na raba. Gari likainama kama Brenna alivyotaka, na kweli shuleni watu waligeuza shingo. Jumatano mvua ilinyesha, Baba akaja kuwachukua wote wawili. Brenna alikaa mbele kama malkia. Paige alibanwa nyuma na mikoba.

Kwenye kivuko cha reli gari lilidunda. Lilipotua halikutulia, likadunda tena, na tena, na magurudumu ya nyuma yakaacha lami palepale barabara inapokata kona. Baba alipigana na usukani bure. Gari lilizunguka, likang'oa sanduku la barua la mtu na kutumbukia mtaroni, likapinda bampa tu.

Brenna hakuumia. Paige aligonga mdomo kwenye kiti cha mbele, akashonwa nyuzi mbili.

Jioni ile Baba alikaa jikoni akimshikia Paige barafu mdomoni. Wivu hauna haya: Brenna alipowatazama, aliuonea kijicho hata ule mdomo uliovimba. Kisha Baba akasema:

"Nyeusi zinagota. Nyekundu zinaruka. Nimeshindwa kulifanya gari hili lifae kubeba watoto. Ninaliuza. Kuna mtu wa Toledo atakuja Jumamosi."

"Baba, miaka mitatu!" Brenna alilia.

"Ningeweza kuwazika nyote wawili, Brenna."

Paige akaanza kulia naye, akisema kwa shida kupitia barafu, "Ni mimi. Kama ningechagua vizuri, usingefunga zile nyingine."

Siku tatu Brenna hakula vizuri. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa ameingia pamoja na gari lake. Akinyamaza, gari linaondoka. Akisema, Baba atajua ana binti wa namna gani.

Jumamosi mtu wa Toledo alifika, akalizunguka gari, akapiga teke tairi kama wanunuzi wote wasiojua magari. Baba alitoa funguo mfukoni.

"Baba, usimpe. Niliusogeza mkanda."

"Mkanda upi?"

"Wa springi nyeusi. Mlipofuata tochi. Ulikuwa vidole viwili chini. Paige alisema kweli."

Baba alirudisha funguo mfukoni. Mtu wa Toledo alikohoa. "Samahani, mnauza au hamuuzi? Nimeendesha saa nzima na ushee."

"Hatuuzi," Baba alisema bila kugeuka. "Marcy atakupa kahawa. Brenna, ingia ndani. Anza na mwenye nyuzi mdomoni, mimi baadaye."

Paige alimsikiliza Brenna hadi mwisho. "Kwa nini?" aliuliza.

"Ulimwita Baba."

"Lilinitoka tu! Usiku ule sikulala kwa aibu. Nilidhani nyote mtanicheka." Paige akagusa mdomo wake. "Mbona hukunipiga ngumi tu? Ingeniuma kidogo kuliko hivi."

"Nisamehe."

"Bado sijui. Niulize wiki ijayo."

Mchana walirudisha springi nyeusi. Brenna ndiye aliyelala chini kwenye saruji baridi na kufungua boliti zote zilizojaa uchafu. Walizunguka njia ileile, reli na Barabara ya Kinu, na gari lilipita kila shimo likatulia mara moja. Walipolipandisha tena, Brenna alipima na kusoma kwa sauti: vidole viwili. Baba alimwondoa kwa upole, akainama, akapima upya mwenyewe.

Brenna aliona. Machozi yakamlengalenga.

"Ndiyo, nimepima tena," Baba alisema. "Nitapima tena kwa muda. Sikiliza, binti yangu. Nafasi yako kwangu hakuna aliyeichukua, wala haiwezi kuchukuliwa kwa kunipa spana. Wewe mwenyewe ndiye uliyeitia shaka. Mwenye wivu hudhani anamnyang'anya mwenzake, kumbe anawadanganya wote wanaomtegemea, na mtu aliyedanganywa huamua vibaya hata akiwa fundi. Mwenzako anapokuwa sahihi, useme yuko sahihi, hata ikikuuma. Maumivu hayo hupona mapema kuliko mdomo wa Paige."

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Bado magurudumu matatu. Chukua tochi wewe, na Paige aandike."