Mfamasia Aliyekataa Kuuza

Ndugu zangu wanajamii, wagonjwa wa leo na wa baadaye, tulieni niwaeleze. Nyumba ninayoisema ni yetu, kwa hiyo hakuna atakayenishtaki isipokuwa shangazi.

Kila asubuhi ya likizo ilianza kwa amani. Babu, mpima ardhi mstaafu, alikaa barazani akicheza drafti na jirani yake. Babu aliiba kete waziwazi, jirani akajifanya haoni, na shangazi akaanika nguo huku akiwasuta wote wawili kwamba uzee haujawafundisha kitu.

Asubuhi moja viatu vya babu vikagoma kuingia. Aliniita mimi kwanza, kwa kuwa nyumbani kwetu kila jambo lisilo na maelezo huanzia kwangu. Nikaapa kwamba sijavigusa. Tulipotazama vizuri, viatu vilikuwa vilevile. Miguu ndiyo iliyoumuka kama mkate.

Ugonjwa wa shangazi, na ninausema kwa heshima zote, ni ujuaji. Mwenzake kazini aliwahi kupona uvimbe kwa vidonge vya kupunguza maji mwilini, basi na babu angepona kwa hivyohivyo. Tukaenda duka la dawa la mtaani, kwa mfamasia ambaye sisi vijana tulimwita Mama Maswali.

Mama Maswali hakugusa kabati. Aliuliza mzee ana umri gani, anameza dawa zipi, na kama husikia kizunguzungu anaposimama. Shangazi alijibu swali la kwanza, la pili likamshinda, la tatu akalichukulia kama tusi.

"Dada, nimekuja kununua dawa, sikuja kutoa ushahidi."

"Naelewa, dada yangu. Lakini zipo dawa za presha zinazovimbisha miguu. Nikikuuzia hii bila kuona anazomeza, huenda nikamwangusha mzee. Niletee zote, hata zilizo chini ya mto."

Shangazi akatoka kifua mbele. Njiani aliniambia kwamba muuza duka akianza kujiona daktari, basi dunia imekwisha. Nami nikacheka, naungama. Kona ya pili tukapata duka lingine, muuzaji akatupatia vidonge bila kuinua macho kwenye simu yake. Shangazi aliisifu huduma hiyo kwa siku mbili.

Siku ya tatu babu alishinda mchezo, akasimama ili ajisifu vizuri, akaanguka kama gunia. Jirani alidhani ni mbinu mpya ya kuvuruga ubao, mpaka alipoona damu kwenye paji la uso.

Nilikimbilia kulikokuwa karibu, yaani kwa Mama Maswali. Alimwachia msaidizi wake kaunta, akaja na kipimo cha presha mkononi. Alituzuia kumwinua babu, akamwekea miguu juu ya mto, akapima. Kisha akapima tena. Akampigia simu daktari wa hospitali, akamtajia namba alizoziona, akaomba gari. Tulipokuwa tukisubiri, alimgeukia shangazi na kumwomba tena dawa zote za mzee. Safari hii shangazi alizikimbilia.

Hospitalini, babu akiwa na dripu mkononi, mfamasia alipanga maboksi mbele ya daktari. Jeupe lilitoka kliniki ya kwanza. La kijani lilitoka kliniki ya pili, ambako shangazi alimpeleka babu bila kuitaja ile ya kwanza. Majina makubwa yalitofautiana, lakini mfamasia aliweka kidole kwenye maandishi madogo chini yake.

"Ni dawa moja, imevaa mashati mawili. Mzee amekuwa akimeza dozi maradufu, ndipo miguu ikavimba. Halafu vile vidonge vya maji vikaishusha presha zaidi."

Daktari alisoma, akavua miwani, akakiri kwamba hata yeye angeweza kupitwa na hilo. Alibakiza boksi jeupe peke yake. Shangazi, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake, alimuuliza mfamasia kwa nini hakuzisimamisha dawa hizo mwenyewe siku ile, kama alijua.

"Sikujua, nilishuku. Na sina ruhusa ya kubadilisha alichoandika daktari. Ruhusa nilizonazo ni kuuliza na kukataa, na nilizitumia zote mbili."

Babu alirudi nyumbani baada ya siku nne. Daktari na mfamasia walikubaliana kwamba kila wiki mbili apimwe presha pale pale duka la dawa, na mabadiliko yoyote yafike hospitali kwa simu. Shangazi humpeleka mwenyewe, na siku hizi hujibu maswali kabla hayajaulizwa.

FUNZO

Ujuaji ulikaribia kumzika babu yetu, na dharau ikausaidia. Tuliona kaunta, tukadhani nyuma yake kuna muuza duka tu, kumbe kuna mtu aliyesomea jinsi dawa zinavyogombana ndani ya mwili mmoja. Msifiche mnachomeza, msiazime tiba ya mwenzenu, na mkiulizwa, jibuni. Nanyi mnaotunga sheria za kazi hii, wapeni wafamasia chumba cha kuzungumza na mgonjwa, kumbukumbu za matibabu yake, na ruhusa ya kusimamisha dozi iliyorudiwa huku wakimwarifu daktari. Wapo watakaosema kwamba hiyo si kazi yao. Siku babu alipoanguka, daktari alikuwa mwendo wa gari kutoka kwetu. Mfamasia alikuwa nyumba ya nne.